Faida na Lawama

Usiku wa kuamkia tarehe 3 Desemba 1984, gesi ya sumu ilivuja katika kiwanda cha dawa za kuulia wadudu mjini Bhopal, India, ikaua maelfu ya watu. Zaidi ya nusu ya hisa zilikuwa za kampuni ya Marekani, Union Carbide. Mwaka 1989 ilikubali kulipa dola milioni 470. Aliyekuwa mwenyekiti wake, Warren Anderson, alifariki mwaka 2014 bila kurudi India kujibu mashtaka.

Twauliza: ikiwa faida yavuka bahari, mbona lawama yakwama bandarini? Fidia hufuta deni, haifuti kosa. Yatupasa kudai kwamba apokeaye faida naye aitike anapoitwa kujibu.