Kipimajoto cha Ipinda

Kijana mmoja wa Ipinda, wilayani Kyela, alirudi kwao akiwa amesomea mitambo, akamkuta shangazi yake anavundika kakao kwa mkono na pua. Punje mbichi humwagwa kwenye sanduku la mbao lenye matundu, hufunikwa majani ya migomba, hupinduliwa kila baada ya siku mbili, na siku ya sita huanikwa. Shangazi alizamisha mkono, akanusa, akaamua. Majirani waliouza njemke, yaani kakao mbichi, waliambulia bei ya kutupa, yeye alivumilia mpaka ivundike na kukauka.

Kijana akasema huko ni kubahatisha. Hoja yake ilikuwa na msingi. Mwanzoni hamira hula ute mtamu wa kakao na kutoa kilevi. Punje zikipinduliwa hewa huingia, bakteria hugeuza kilevi kuwa siki, na joto hupanda hadi nyuzi 45 au 50. Joto hilo pamoja na siki huua kiini cha mbegu na kuandaa ladha ya chokoleti. Kulipima ni jambo la akili, na viwanda vingi duniani huendeshwa hivyo: pima, linganisha na lengo, rekebisha.

Akanunua kipimajoto chenye waya mrefu, akakichomeka katikati ya sanduku. Baada ya kupindua mara ya kwanza akaweka kanuni mpya: kakao isiguswe tena mpaka joto lishuke chini ya 45, akidai kupindua kunapoteza joto bure. Siku ya nne kioo kilionyesha 47. Siku ya tano, 48.

"Mwanangu," shangazi akasema, "kona hii ni ya baridi, inanuka kama gunia lililolowa. Pindua."

"Shangazi, kipimo hakidanganyi."

Kweli hakikudanganya. Kilisema joto la pale kilipochomekwa, basi. Zilikuwa mvua za Aprili, na Kyela hupata mvua nyingi kuliko wilaya nyingi za nchi hii. Mbao zililowa, kona zikakosa joto, ukungu ukaota. Kazi nyingine ya kupindua ilikuwa hii: kuleta kati punje za pembeni ili nazo zipate joto. Kijana aliifuta kwa sababu kipimo chake hakikuwa na njia ya kuiona.

Siku ya kuanika zote zikachanganywa. Ghalani punje zilipasuliwa kwa kisu: nyingine za kahawia, nyingine bado zambarau, nyingine na utando wa ukungu ndani. Mzigo hupangwa daraja kwa punje mbovu zilizomo, hata nzuri zikiwa nyingi. Ukakataliwa wote, na ada ya shule ya wadogo zake ilikuwa humo.

Enyi mnaopanga kununua vipimajoto kwa ajili ya kikundi msimu ujao, nunueni. Kimoja kikae katikati, vingine kwenye kona, na siku ya kutunga kanuni aitwe mama aliyevundika miaka yote, asikilizwe kwanza.