Barua ni ya Nani?

Wahenga walituachia neno kwamba barua ni nusu ya kuonana. Twalitumia sana tuwaandikiapo jamaa walio mbali, hata limekuwa kama salamu tu. Walakini ndani yake mna swali zito. Ikiwa barua ni nusu ya kuonana, basi waonanao ni wawili: aliyeandika na aliyeandikiwa. Je, huyu wa tatu, ajaye baada ya wote kufa, akatoa fedha na kuichukua karatasi, yeye anaonana na nani?

Swali hili limetujia kwa sababu ya barua moja iliyonadiwa katika nyumba ya minada ya Drouot, mjini Paris, mwezi wa Juni 2020. Iliandikwa kwa mkono mwanzoni mwa Novemba 1888 katika mji wa Arles, kusini mwa Ufaransa. Waandishi wake ni wachoraji wawili: Vincent van Gogh, Mholanzi, na Paul Gauguin, Mfaransa, ambaye alikuwa amewasili siku chache tu kabla yake ili wakae nyumba moja. Aliyeandikiwa ni kijana mchoraji mwenzao, Émile Bernard. Sehemu kubwa ni ya Vincent. Anamsifu mgeni wake kwa maneno mazito, anaeleza fikira za kuunda chama cha wachoraji, wala hafichi kwamba wamekwenda kuyazuru madanguro ya mji ule na kwamba huenda wakarudi huko kufanya kazi. Kisha Gauguin anaichukua kalamu na kuongeza mistari yake michache. Anamwambia Bernard asimsikilize Vincent, maana ni mtu mwepesi wa kusifu. Kwetu sisi uhai wa barua uko hapo: aliyesifiwa anazikataa sifa zake katika karatasi ile ile aliyosifiwa.

Wawili hao walikuwa mafukara. Van Gogh alifariki Julai 1890, na Gauguin mwaka 1903 katika visiwa vya Marquesas, mbali na kwao. Barua yao ilinunuliwa kwa Euro 210,600.

Atatokea mtu aseme kuwa mnunuzi alinunua habari. Sivyo. Bernard mwenyewe alianza kuzichapisha barua za Vincent katika miaka ya 1890, na mwaka 1911 zikatoka kitabu kizima. Leo maneno ya barua hii husomwa na yeyote apendaye, pasipo kulipa senti. Kilichouzwa ni mwandiko, yaani ile alama ya mkono uliokuwa hai. Nasi hatuwacheki wanaouthamini. Mtunzi yeyote aliyepata kushika karatasi ya mwalimu wake aliyekwisha kufa anajua kwamba chapa haiwezi kuchukua nafasi yake.

Sheria ya Ufaransa imejaribu kulipatia swali letu jibu. Karatasi ni mali ya aliyeandikiwa, naye aweza kuiuza. Lakini haki ya kuyachapisha maneno ni ya mwandishi na warithi wake, mpaka muda wake uishe. Mgawanyo huo ni wa busara, ila unahusu mali tu. Sisi tuliozeeka maofisini twajua kuwa barua ya serikali ni ya masijala: ina namba, ina nakala, na aliyeitia sahihi hana dai nayo. Barua ya rafiki haina jalada. Ni amana, na mwenye amana hakupewa ili afanye apendavyo.

Tena wamo wengine ambao sheria haikuwataja kabisa. Wanawake wa yale madanguro walitazamwa, wakachorwa na Gauguin katika picha yake ya mkahawa wa usiku, wakasimuliwa kwa rafiki aliye mbali. Wao hawakuandika wala hawakuandikiwa. Hatujasikia mnada uliouliza kama nao wana sehemu katika siri hiyo.

Je, basi barua za wafu zichomwe? Hatusemi hivyo. Asomaye kwa adabu hamvunjii mtu heshima, hata akiyakuta ya madanguro. Kinachotuchukiza ni kingine. Mnada ule ulikuwa mmojawapo wa minada ya kuyatawanya makusanyo ya kampuni moja ya Paris, iliyofungwa na mahakama mwaka 2015. Kampuni hiyo ilinunua hati za mkono kwa maelfu, ikazigawa mafungu, ikawauzia watu wa kawaida mafungu hayo kama mtu auzavyo hisa za kiwanda, kwa matumaini ya faida. Maelfu walitia humo akiba zao. Fikiri, ndugu msomaji: mtu anamiliki sehemu ya barua ambayo hajapata kuisoma, na pengine hajui hata lugha yake; analosubiri ni bei tu. Hapo ile nusu ya kuonana imekatwa vipande mpaka haikubaki kitu cha kuonana.

Barua ya Arles iliponea. Iliyoinunua ni taasisi ya Vincent van Gogh, kwa ajili ya jumba la makumbusho lililoko Amsterdam, na Oktoba ya mwaka ule ule ikawekwa katika maonyesho ya barua za mchoraji huyo. Mtu aliyepita pale aliweza kuiona miandiko miwili, wa Vincent kwanza, na baada yake ule wa Gauguin akimwonya Bernard asiyaamini yote aliyoyasoma.