Tengeneza Kilichoharibika, Usitupe Chombo

Aprili 24, 1967, mwanaanga wa Kisovieti Vladimir Komarov alikuwa akirudi duniani peke yake ndani ya chombo cha anga Soyuz 1. Parachuti kubwa ikakataa kutoka, ya akiba ikajisokota. Chombo kikajibamiza ardhini huko Urusi, naye akafa. Ndiyo kwanza Soyuz ilikuwa imebeba mtu, na Sergei Korolev, mhandisi aliyeongoza ubunifu wake, alikwishafariki mwaka uliotangulia.

Ungekuwa wewe, ungeendelea?

Wahandisi wa Kisovieti waliendelea. Oktoba 1968 Georgi Beregovoi aliruka na Soyuz 3, akarudi salama. Kisha likaja pigo zito zaidi. Juni 1971, Soyuz 11 ilitua vizuri Kazakhstan, lakini waokoaji walipofungua mlango waliwakuta wanaanga Dobrovolsky, Volkov na Patsayev wamekufa. Vali ilikuwa imefunguka wakiwa bado juu angani, hewa yote ikavuja. Hawakuvaa suti za anga, kwa kuwa watu 3 wenye suti wasingeenea mle ndani.

Hapa soma polepole. Wahandisi wale hawakusema chombo kina mkosi. Walilitafuta kosa mpaka wakalishika: vali, na ukosefu wa suti. Wakatoa kiti kimoja, wakawavika wanaanga 2 wa kila safari suti za Sokol, wakaridhika kubeba wachache. Kiti cha tatu kilirudi mwaka 1980, katika Soyuz T, safari hii kila abiria akiwa na suti yake. Kwangu mimi, subira ile ya miaka 9 ni ushujaa zaidi kuliko kuruka kwenyewe.

Tangu siku ile ya 1971 hakuna aliyefia ndani ya Soyuz. Hitilafu hazikuisha: Oktoba 2018 roketi iliharibika dakika 2 tu baada ya kuondoka kituo cha kurushia roketi cha Baikonur. Chombo kikajichomoa, kikawashusha Aleksey Ovchinin na Nick Hague wakiwa hai. Machi 2019 wote wawili wakapanda Soyuz tena, wakafika kituo cha anga. Na Marekani, ilipostaafisha vyombo vyake mwaka 2011, ilitegemea Soyuz hiyohiyo pekee kuwasafirisha wanaanga wake hadi 2020.

Sasa wewe, ambaye biashara yako imeanguka mara mbili, au mtihani umekushinda tena: usiseme "sina bahati." Kaa chini leo, uitafute vali yako. Ukiipata, itengeneze, hata kama itakubidi uanze na kidogo kuliko mwanzo. Kisha rudi kazini.