Nani Mwenye Haki ya Kusema Ni Kadari

Kila mwaka wanafunzi wa mwaka wa kwanza huja maabara na kandambili, nami huwarudisha mlangoni. Na kila mwaka hakosekani mmoja wa kunijibu kwa upole kabisa: "Mzee, ajali haina kinga." Wenzake wanacheka, yeye hacheki. Amelelewa kwenye nyumba ya dini, anajua siku ya mtu imeandikwa, na anashangaa kwamba mimi niliyekaa naye safu moja msikitini Ijumaa iliyopita silijui hilo.

Nalijua. Mimi ni fundi sanifu wa maabara ya kemia, mzaliwa wa Tanga, nimesoma madrasa kabla ya kusoma jedwali la elementi, na siamini kwamba miwani ya plastiki inamwongezea mtu hata dakika moja juu ya umri alioandikiwa. Kwa hiyo sibishani na kijana huyo juu ya kadari. Ninachombishia ni kuitamka pale mlangoni, kabla hajaingia, akiwa na miguu wazi. Kwa maoni yangu maneno hayo yana wenyewe, na yana wakati wake.

Kisa cha ngamia, cha kumfunga kwanza ndipo umtegemee Mungu, kila mtoto wa madrasa anakijua, sitakirudia. Napenda zaidi kile cha Khalifa Umar alipokuwa njiani kwenda Sham, akafika Sargh na kuambiwa kwamba huko mbele kuna tauni. Aliwataka watu ushauri, wakatofautiana, mwishowe akaamua kurudi. Abu Ubaida, kamanda wa jeshi la huko Sham, akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu. Jibu la Umar, kwa maana yake, lilikuwa kwamba anatoka kwenye kadari ya Mungu na kwenda kwenye kadari ya Mungu. Kisha akamtolea mfano wa mchungaji anayeteremka bondeni, upande mmoja majani, upande mwingine ukame: popote atakapolisha, amelisha kwa kadari.

Masheikh hukisimulia kisa hiki wakaishia hapo. Mimi hutazama nani alikuwa nyuma ya Umar. Alikuwa na msafara. Uamuzi wake haukuwa juu ya roho yake peke yake. Angeweza kuwa jasiri kwa niaba ya watu ambao hawakuulizwa. Abu Ubaida alirudi kwa jeshi lake, na tauni ile ya Amwasi ikamchukua mwaka 639. Wote wawili walikuwa wacha Mungu, na sijioni mtu wa kuwahukumu. Ila aliyekabidhiwa watu alizungumza habari ya njia za kupita, hakuzungumza habari ya ajali kukosa kinga.

Sheria yenyewe iko hivyo. Sura An-Nisaa inamtaja mtu aliyemuua muumini kwa bahati mbaya, bila kukusudia. Kama kuna mahali pa kusema "imeandikwa" na kufunga mjadala, ni hapo. Badala yake anadaiwa dia kwa jamaa wa marehemu na kafara ya kumwacha huru mtumwa, na asiyeweza afunge miezi miwili mfululizo. Dini ileile inayotufundisha kuamini kadari inampa mtu wa bahati mbaya siku sitini za njaa. Wanafikhi wakaenda mbali zaidi. Walimjadili aliyechimba kisima kwenye njia ya watu pasipo idhini, akaenda zake kulala, mpita njia akatumbukia usiku. Hakumsukuma mtu, hata hakuwapo, na bado walimwona mdhamini.

Chupa isiyo na lebo ni kisima hicho. Sioni tofauti yoyote. Mwanafunzi wa shahada ya pili anamimina asetoni kwenye chupa ya maji ya kunywa kwa sababu bika zote zimechafuka, anaiacha kando ya sinki, anakwenda chakula cha mchana. Yeye anajua kilichomo. Shida ni kwamba anajua peke yake.

Kuna msiba mmoja wa maabara ambao mimi mwenyewe, nikiusoma, ulimi unanielekea kwenye neno kadari. Karen Wetterhahn alikuwa profesa wa kemia Dartmouth, Marekani, bingwa wa sumu za metali. Tarehe 14 Agosti 1996 alikuwa akihamisha kiasi kidogo cha dimethilimakyuri, sumu ya zebaki, ndani ya kabati la kufyonza hewa, na glavu zake mkononi, kama vitabu vilivyoagiza. Tone moja, pengine zaidi kidogo, likaangukia glavu. Alisafisha, akavua, akaendelea na kazi. Januari alikuwa anapepesuka na maneno yanamponyoka. Tarehe 8 Juni 1997 alifariki, ana miaka 48. Glavu za aina ile zilipopimwa baadaye, ilionekana sumu hiyo inapenya mpira katika sekunde kumi na tano au chini yake. Hakuna aliyezembea. Elimu ya siku ile ilikuwa imeishia pale.

Hapo naona neno lina mahali pake. Lakini tazama walichofanya wenzake: yeye bado yuko kitandani hana fahamu, wao walikwishapima glavu na kuwaandikia wanakemia wenzao waache kuzitegemea. Huenda walimlilia na kusema ni mapenzi ya Mungu, kila mtu kwa imani yake. Hawakuyatumia maneno hayo mahali pa kipimo.

Kisa cha Chuo Kikuu cha California, Los Angeles (UCLA), ni kingine kabisa. Sheri Sangji, binti wa miaka 23, alikuwa akivuta kwa bomba la sindano la plastiki kimiminika kinachowaka chenyewe kikigusa hewa. Ilikuwa tarehe 29 Desemba 2008, kipindi cha sikukuu. Kisukumio cha bomba hilo kikachomoka. Hakuwa na koti la maabara. Alikuwa na sweta la uzi wa sintetiki, likashika moto na kumgandia mwilini. Alifariki tarehe 16 Januari. Profesa wake alifunguliwa mashtaka ya jinai, na mwaka 2014 kesi ikaishia kwenye makubaliano: dola 10,000 kwa kituo cha wagonjwa wa moto na saa 800 za kazi za jamii.

Nikiwasimulia wanafunzi, wote huuliza kwa nini hakuvaa koti. Ni swali halali, lakini ni la pili. La kwanza ni nani alimfundisha kazi ile, na nani alikuwa akipita na kumwona bila koti siku zote za kabla ya hiyo. Mtoto wa watu akikabidhiwa kwako ni amana, na amana hailindwi kwa kumwambia mwenye mali kwamba alikuwa na akili zake timamu.

Sweta lile ndilo lililonifanya niweke kanga kwenye droo. Wasichana wetu wengi hujifunga mitandio ya kitambaa laini kinachoteleza, ambayo ikikaribia bansen bana haiungui kama nguo, inayeyuka kama mshumaa na kushika ngozi. Siwezi kumwambia mtoto avue stara yake, wala sitaki. Kwa hiyo nina kanga za pamba tupu, zilizofuliwa mpaka zimelegea. Anajifunga, ncha anaziingiza ndani ya koti, nazo hurudi jioni zikiwa na harufu ya manukato mbalimbali. Mhadhiri mmoja kijana alinitania kwamba nimefungua duka. Huyo Bunsen mwenyewe, namwambia, alipoteza uwezo wa kuona kwa jicho la kulia kampaundi ya aseniki ilipomlipukia, nasi tunamkumbuka kwa kichomeo.

Lakini wote hao walikuwa ndani ya chumba na walijua wameshika nini. Anayenisumbua zaidi ni yule asiyekuwamo.

Agosti 1978, katika Chuo Kikuu cha Birmingham, Janet Parker aliugua. Alikuwa mpiga picha wa kitivo cha udaktari, na chumba chake kilikuwa ghorofa ya juu ya maabara iliyohifadhi virusi vya ndui. Hakuwa mtafiti. Chanjo yake ilikuwa ya mwaka 1966. Miezi kumi kabla yake, Oktoba 1977, mgonjwa wa mwisho duniani kuambukizwa ndui kwa njia ya kawaida alikuwa Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali ya Merca, Somalia, huko pwani ya Benadir, jirani ya Barawa. Maalin aliambukizwa kwa kupanda gari kumwelekeza dereva njia, nyuma wamebebwa watoto wawili wagonjwa. Yeye alipona, akaja kujitolea kuwahamasisha watu kuhusu chanjo ya polio, akafa kwa malaria mwaka 2013. Parker alifariki tarehe 11 Septemba 1978. Siku chache kabla, mkuu wa maabara ile, Henry Bedson, alikuwa amejiua. Chuo kilishtakiwa, mahakama ikakiachilia, na namna virusi vilivyomfikia mama yule haijathibitishwa mpaka leo.

Mpishi na mpiga picha. Dunia nzima ilikuwa ikihesabu wagonjwa wa ndui, na wa mwisho wakawa watu wa kando, waliopita karibu na kazi ya wengine.

Kwetu mtu wa kando ni mama wa usafi. Ameajiriwa na kampuni yenye mkataba, si na chuo, kwa hiyo mafunzo ya usalama ya Oktoba hayamhusu. Jina lake halimo kwenye orodha. Jioni moja nilimkuta na dumu jeupe la lita tano, mfuniko wake mwekundu umekazwa vizuri, analifutafuta kwa upindo wa kanga yake. Lilikuwa la formalini, kutoka kwa jirani zetu wa zuolojia. Lebo ilikuwa imebanduka, imebaki gundi.

"Mama, hilo usiende nalo."

"Mzee, nimelisuuza kwa sabuni, harufu imekwisha. La maji tu hili."

"Harufu imekwisha, dawa imeingia kwenye plastiki yenyewe."

Alilitazama. Dumu zima kama lile, lenye mfuniko usiovuja, ni pesa dukani, na mtaani kwao maji hununuliwa. "Basi, baba, Mungu atatulinda," alisema, na hakuwa anabisha. Alikuwa anaomba dua.

Yeye aliweza kusema vile. Hakuwa na kitabu cha kemia, hakuambiwa na mtu, na kwa mshahara ule hana dumu la kuchagua. Kinywani mwake ilikuwa imani safi. Maneno yaleyale kinywani mwangu, mimi ninayejua formalini ni nini, yangekuwa wizi: ningekuwa nimechukua tawakali ya mtu asiye na jingine la kushika, nikaifanya kifuniko cha uvivu wangu. Msiba ukitokea, mama wa marehemu ana haki ya kusema ni kadari, na sisi tutaitikia na kukaa naye matanga. Mwenye ufunguo wa chumba hana haki hiyo. Yeye amebakiwa na dia na kafara.

Nilimpa dumu langu la maji nililonunua mwenyewe. Lile la formalini nililitoboa papo hapo kwa msumari nilioushika kwa koleo na kuupasha moto mpaka ukawa mwekundu; unazama kwenye plastiki kwa sauti ndogo ya kufoka, na nilifanya hivyo ndani ya kabati la kufyonza hewa, wakati feni yake ikiwa bado nzima, maana moshi wake mbaya. Tangu siku hiyo hakuna chombo kinachotoka kwetu kikiwa kizima. Watu wa zuolojia wanaona naharibu mali.

Ipo hoja moja dhidi yangu ambayo ni nzito. Mhadhiri mmoja aliniambia: hizo ni sheria za matajiri. Glavu ziliagizwa muhula uliopita na hazijafika, feni ya kabati imekufa, fundi anasubiri vibali vya manunuzi. Tukingoja kila kitu kitimie, watoto watahitimu bila kuona klorini. Sina jibu la kumridhisha. Najua umaskini unatunyima vifaa, na najua pia kuandika jina kwenye chupa hakuhitaji bajeti, wala kumimina asidi kwenye maji badala ya maji kwenye asidi. Kwa feni nilishikilia msimamo: zoezi la klorini halifanyiki humu mpaka hewa itoke. Alikasirika, akapeleka habari kwa mkuu wa idara, tukaitwa wote wawili. Mkuu alimuuliza kama yuko tayari kutia saini kwamba lolote likitokea ni juu yake. Mhadhiri alisoma karatasi aliyopewa mara mbili, akairudisha mezani bila kuisaini, akaniuliza fundi wa feni anapatikana wapi.