Kuhesabu maji ya wale ambao hawajazaliwa



Yosefu alipofahamu ndoto ya Farao, hakukaa bure: aliweka chakula cha miaka saba ya njaa. Inchi ile iliishi kwa mto Nili. Leo wenye elimu wanauhesabu tena mto huo, ambao maji yake mengine yanatoka kwetu Kongo, kwa ziwa Edouard na mto Semliki. Basi tunajiuliza: kiu ya watu wa kesho inapimwa kwa kipimo gani?

Wao wanahesabu watu wa leo, wanakadiria watakaokuwa kisha miaka 30, wanazidisha kwa lita za kila mtu. Wanaongeza viwanda na mashamba, maana mashamba ndiyo yanakunywa kupita vyote. Hesabu hiyo inafaa. Lakini mara nyingi inaanzia kwa matumizi ya leo, na hapo kosa linaingia.

Tumwangalie mama anayepanda kilima na bidoni ya lita 20 kwa nyumba ya watu saba. Mwenye kalamu anaandika: nyumba hii, lita 20. Kumbe hakupima haja yake, alipima nguvu ya shingo yake! Shirika la Afya la dunia linasema mtu mmoja anahitaji lita 50 hadi 100 kwa siku. Kipimo kinachotoka kwa umaskini kinawarizisha watoto umaskini.

Inchi nazo zinahesabiwa vile. Mwaka wa 1959 Misri na Sudani walipatana juu ya maji yanayofika Aswan, meta za ujazo miliari 84 kwa mwaka: Misri 55,5, Sudani 18,5, na 10 za kukaushwa na jua. Etiopia, ambayo milima yake inatoa karibu 85 kwa 100 ya maji hayo, haikuwekewa sehemu, wala sisi. Ni kama asiye na mifereji hana kiu. Waliandika tu kwamba wengine wakidai, wao wawili watashauriana.

Lakini tusimhukumu Mmisri haraka. Yeye karibu hana mvua. Wakati ule walikuwa milioni 26 hivi, leo wanapita milioni 100, na sehemu ni ileile. Aliyepata meta 2.000 kwa mwaka leo hafikishi 560. Mto hauongezeki kwa sababu sisi tumezaa.

Kwa hiyo haki haiko kunyang'anya kikombe cha wa chini. Haki ni kuhesabu kwanza maji ya kunywa ya kila mtu, wa juu na wa chini, kisha mashamba yagawane yanayobaki, na anayemwaga ovyo apunguze.

Siku watakapokuja kuhesabu katika mtaa wenu, musiseme tu munachoteka. Museme na kile munachokosa.

Mubaki na amani.