Vazi la Saa ya Kuanguka

Kila siku mtu huchagua. Huchagua rafiki, neno la kusema, njia ya kupita na nguo ya kuvaa. Mambo makubwa huyapima sana. Madogo huyapita kwa haraka. Walakini akili ya mtu hujulikana zaidi katika madogo, kwa kuwa huko hapana amwangaliaye. Nataka tufikiri pamoja, msomaji, juu ya jambo dogo: koti la kuvaa katika kayaki.

Kayaki ni mtumbwi mwembamba wa mtu mmoja au wawili, uendeshwao kwa kafi yenye mabapa mawili, moja kila upande. Ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa maji ya kuutembeza hayakosekani: upande wa Kisauni upo mkono wa bahari wa Tudor, na upande wa Changamwe upo ule wa Port Reitz, yote miwili ikizungukwa na mikoko. Mwenda kayaki hukaa chini, karibu na maji, na kila pigo la kafi humrushia marasharasha. Kwa hiyo hutafuta koti jepesi la kitambaa kisichopenyeka maji, lenye kubanwa shingoni na mikononi.

Kijana akiingia dukani kununua koti hilo, huulizwa na muuzaji, “Wataka lipi?” Moyo wake nao humwuliza, “Wenzako watasemaje?” Swali la pili likitangulia la kwanza, kijana amekwisha kupotea. Hununua vazi la macho ya watu, na mwili wake hubaki bila vazi. Wazee walisema kweli: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Lakini tusikose haki kwa kudhani kila king'aacho ni fahari. Koti la manjano au la rangi ya chungwa laweza kuitwa la majivuno. Kumbe katika maji ya Kilindini, ambamo meli kubwa huingia na feri za Likoni huvuka mchana na usiku, rangi hiyo humwonyesha mwenye chombo kidogo kwa nahodha aliye mbali. Koti la samawati iliyokoza, lionekanalo la heshima, humficha mvaaji ndani ya rangi ya bahari. Basi fahari na busara hazitofautiani kwa rangi, hutofautiana kwa sababu.

Kosa jingine ni kuiga. Kayaki ilibuniwa na watu wa nchi za barafu, nao ni Inuit na majirani zao. Walishona makoti ya ngozi ya sili, wakayafunga katika mdomo wa chombo hata mtu na mtumbwi wake wakawa kitu kimoja. Bahari yao huua kwa baridi. Kwa hiyo waendao katika maji ya namna ile huvaa kwa kuyahofia maji wanayoweza kutumbukia, hata kama jua linawaka juu yao. Bahari yetu si hiyo. Joto lake huwa kama nyuzi 25 hata katika miezi ya baridi. Koti zito la kaskazini ya dunia, likivaliwa hapa wakati wa kaskazi, huwa tanuri: huzuia maji ya nje na kumlowesha mtu kwa jasho lake mwenyewe. Lakini wakati wa kusi na mvua za masika, shati la pamba lililolowa hukauka polepole, na upepo hulifanya liibe joto la mwili. Afaaye hapa ni koti jembamba, lenye kufunguka shingoni, ambalo jua likitoka hukunjwa likatiwa mfukoni. Aazimaye vazi la mwenziwe na aazime na sababu yake. Na hivyo ndivyo ilivyo hata katika desturi za watu.

Sasa tufike penye uzito. Koti hili hukinga marasharasha, halimweleshi mtu. Aliyejifunika huona amekingwa, akaliacha pwani jaketi la kujiokolea, ambalo ndilo limwelezalo juu ya maji. Hapo kinga ndogo imekuwa mlango wa hatari kubwa. Kwa hiyo, ukilijaribu koti, usijitazame katika kioo tu. Inua mikono kama apigaye kafi. Vaa jaketi la kujiokolea juu yake uone kama lakaa sawa. Jiulize: nikipinduka, mikono ya koti itajaa maji? Nitaweza kuogelea nalo?

Pengine utanijibu kwamba ajali haina kinga. Ni methali ya kweli, lakini ilitungwa kumfariji aliyejihadhari akapatwa. Haikutungwa kumtetea mzembe. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ilipinduka Mtongwe, upande wa Likoni, karibu na gati, na watu 272 wakafa. Ilikuwa imepakia kupita uwezo wake. Nani atasimama mbele ya mayatima wa siku ile aseme hapakuwa na la kuzuiwa? Kudra ni ya Mungu, lakini kuhesabu abiria, kama kufunga jaketi kifuani, ni kazi ya binadamu. Na ajihadhariye si mwoga. Mwoga hubaki pwani.

Vitu vingi tunavichagua tukiwa pakavu, na vyote hupimwa tukiwa majini. Rafiki huchaguliwa katika furaha akapimwa katika dhiki. Ahadi hutolewa katika raha ikapimwa katika shida. Basi, msomaji, kabla hujachagua vazi, rafiki au neno, uliza: siku nitakapoanguka, hiki kitanifaa nini? Kisha chagua kwa jibu hilo.