Ujira wa Mwisho

Wahenga walinena kwamba dawa ya deni ni kulipa. Hawakutaja ni deni gani, maana kwao deni ni deni. Sisi tumeyapanga kwa ngazi: la benki hulipwa kwa hofu, la dukani kwa aibu, na la mfanyakazi anayeondoka hulipwa tukikumbuka. Kwa nini iwe hivyo?

Nyegezi yetu ni mahali pa watu wanaokuja na kuondoka. Msichana wa kazi huletwa kutoka Ukerewe, mlinzi hutoka Magu, mvuvi wa dagaa huhama mwalo hadi mwalo. Siku ya kuondoka ndipo yanapoanza maneno ya sahani zilizovunjika na sukari iliyokwisha upesi, kisha "njoo Ijumaa." Ijumaa akija, mwenye nyumba amesafiri.

Nadhani sababu ni hii. Ujira wa kila mwezi haulipwi kwa haki peke yake. Hulipwa pia kwa kuwa kesho tunamhitaji mtu yule yule afue na alinde. Ujira wa mwisho hauna kesho. Hatutarajii kitu kwake, wala yeye hana la kututishia. Basi huo ndio ujira unaolipwa kwa haki tupu, na ndio unaotupima.

Yamkini msomaji atauliza: je, aliyeondoka ghafla akaniachia hasara? Swali hilo ni la haki, na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imelijibu. Anayelipwa kwa mwezi, akishapita mwezi wa kwanza wa ajira, hutoa notisi ya siku 28. Akikataa kufanya kazi katika muda huo, mwajiri aweza kukata kiasi kinacholingana nao. Hasara nayo yaweza kukatwa iwapo ni kosa la mfanyakazi naye amekubali kwa maandishi. Lakini kwanza aandikiwe sababu na hesabu yake, apewe nafasi ya kuipinga, na makato yasizidi robo ya mshahara. Kinachokatazwa ni mwajiri kuwa mdai, shahidi na hakimu wa shauri lake mwenyewe.

Yaliyosalia hayana mjadala: mshahara wa siku alizofanya kazi, fedha za likizo anayodai, na cheti cha utumishi. Aliyeachishwa baada ya mwaka au zaidi, isiwe kwa utovu wa nidhamu, aghalabu huongezewa kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka aliotimiza, hadi miaka 10.

Asiyelipwa ana siku 60 za kupeleka dai lake kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Lakini msichana wa Ukerewe atalala wapi siku hizo? Fedha anayopewa leo ni nauli. Ya wiki tatu baadaye imekwisha kuliwa na kungoja. Ndiyo maana Torati ilikataza kulaza ujira wa kibarua hadi asubuhi, na Waislamu wamefundishwa kumlipa mtu kabla jasho lake halijakauka. Kuchelewesha nako ni kupunguza.

Wala tusidhani kosa hili ni la wenye nyumba tu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, watumishi wake wa reli, bandari, posta na ndege walibaki wakidai. Mwaka 1984 nchi tatu zilitia saini mapatano ya kugawana mali na madeni yake. Hata hivyo, miaka ya 2000 ilipoingia, wazee wa Tanzania walikuwa bado wakiandamana Dar es Salaam kudai mafao yao, na wenzao wengine walikwisha kuzikwa. Dhuluma ya namna hii haihitaji mtu mwovu, yatosha kila mwenye kalamu aseme, "Si leo."

Kwa hiyo, ndugu msomaji, mfanyakazi akikuaga, hesabu fedha yake kabla hajafunga mzigo, mwandikie cheti chake, kisha mshukuru. Sheria yaweza kukulazimisha yale mawili ya kwanza. La tatu limeachiwa utu wako.